Makanisa ya pwani ya Normandie: uende lipi, uache lipi

Mwenye siku mbili Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kwa kawaida huja na orodha ya siku saba. Orodha hiyo karibu kila mara huanza na Mont-Saint-Michel, abasia (makao ya watawa) iliyo juu ya mwamba baharini, halafu majina mengine yanapachikwa kadiri karatasi inavyoruhusu, na mwisho wake mtu anashinda barabarani ili apate picha moja katikati ya msururu wa watu. Ni afadhali uanze na maswali manne. Una siku ngapi? Una gari au unategemea treni? Magoti yako yanasemaje kuhusu ngazi? Na unatafuta nini hasa: mahali pa kusali, jengo la kustaajabia, au bahari? Ukijibu hayo, nusu ya orodha inajifuta yenyewe.

Tuseme msimamo mapema. Mont-Saint-Michel ni mahali pa kulala, si pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kwa siku moja kutoka Paris, nenda Rouen. Kwa siku mbili bila gari, Rouen na Bayeux, ukipitia Caen. Mwenye gari na siku ya ziada aende Honfleur na Le Havre: kanisa la mbao na kanisa la zege, yakitazamana ng'ambo ya mlango wa mto Seine. Wengi huona moja na kuliruka la pili, nao hukosa utamu wote wa kuyalinganisha.

Siku moja kutoka Paris: Rouen au Bayeux?

Treni za miji hii miwili zinaondokea stesheni ya Saint-Lazare. Rouen ni kama saa moja na nusu. Bayeux ni saa mbili na robo au zaidi, na safari nyingine zinakubadilishia treni Caen. Ukijumlisha kwenda na kurudi, Bayeux inakula saa moja na nusu zaidi ya siku yako.

Kanisa kuu la Notre-Dame la Rouen linatambulika kwa mnara wake wa katikati uliochongoka, wa chuma cha kusubu, wenye urefu wa mita 151. Ulipokamilika mwaka 1876 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani, hadi minara ya kanisa kuu la Cologne ilipoupita mwaka 1880. Kwa Ufaransa bado hakuna kanisa linaloufikia. Uliokuwapo kabla yake ulikuwa wa mbao, ukaunguzwa na radi mwaka 1822, ndiyo maana wajenzi wakachagua chuma. Hata hivyo Julai 2024 moshi ulionekana tena juu kabisa: moto ulishika vifaa vya ukarabati, si chuma chenyewe, ukazimwa haraka. Ukarabati wa mnara mrefu hivyo huchukua miaka, basi usishangae ukikuta majukwaa ya mafundi kwenye picha yako.

Tazama minara miwili ya mbele. Haifanani, na hakuna aliyejaribu kuifananisha. Wa kushoto ni wa Mtakatifu Romain, wa zamani na mnyenyekevu zaidi. Wa kulia unaitwa Mnara wa Siagi, kwa sababu sehemu ya fedha zake ilitokana na waumini waliolipa ili waruhusiwe kula siagi wakati wa Kwaresima. Normandie ni nchi ya ng'ombe na maziwa; siku arobaini bila siagi zilikuwa mtihani.

Jambo la kuzingatia Rouen ni jua. Uso wa kanisa unatazama magharibi. Asubuhi uko kivulini, michongo yote inaonekana bapa na ya kijivu. Kuanzia alasiri mwanga unaingia kwenye kila tundu la jiwe, na hapo ndipo unaelewa kwa nini mchoraji Claude Monet alilichora kanisa hili zaidi ya mara thelathini mwaka 1892 na 1893, kila turubai na saa yake. Mojawapo ya picha hizo iko kwenye makumbusho ya sanaa ya mji huohuo, mwendo mfupi kwa miguu, na kuona mkusanyo wake wa kudumu ni bure. Panga hivi: asubuhi makumbusho, kanisa la Saint-Maclou na abasia ya Saint-Ouen, alasiri kanisa kuu. Jumatatu kuliacha kanisa kuu hadi alasiri ni lazima, maana asubuhi ya siku hiyo hufungwa.

Ndani, upande wa altare, kuna kaburi la moyo wa Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza. Ni moyo tu. Mwili ulizikwa kwingine. Ukitoka, nenda uwanja wa Vieux-Marché, mahali Jeanne d'Arc, msichana shujaa wa Ufaransa, alipochomwa moto tarehe 30 Mei 1431. Kanisa lililopo hapo ni la mwaka 1979, na wengi hulitazama paa lake lililopindapinda wakaondoka. Wanakosea. Ndani kuna vioo vya rangi vya karne ya 16 vilivyotoka katika kanisa la Saint-Vincent. Viling'olewa na kufichwa vita vilipokaribia. Kanisa lenyewe likabomolewa kwa mabomu mwaka 1944. Vioo vikabaki bila nyumba, na kanisa hili jipya likajengwa kwa vipimo vyao.

Bayeux ni tulivu zaidi. Ulikuwa mji wa kwanza mkubwa kiasi kukombolewa kutoka kwa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, tarehe 7 Juni 1944, na haukubomolewa, kwa hiyo mitaa inayozunguka kanisa ni ya kweli, si ya kujengwa upya. Kanisa kuu liliwekwa wakfu tarehe 14 Julai 1077 na Askofu Odo, ndugu wa mama mmoja wa William Mshindi, mtawala wa Normandie aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, na William mwenyewe alihudhuria. Simama katikati na usome ukuta kutoka chini kwenda juu: matao ya chini ni ya mviringo, mazito, na juu yake jiwe limechongwa misuko na mazimwi kama mkeka, kuanzia hapo kwenda juu matao yanachongoka, madirisha yanapanuka, ni mikono ya karne ya 13. Chini ya altare kuna kripta, yaani chumba cha chini ya kanisa, yenye malaika wanaopiga ala, waliochorwa karne ya 15. Hiyo kripta ilisahaulika kabisa hadi ilipogunduliwa mwaka 1412.

Mnara wa katikati nao una kisa cha kifundi. Katikati ya karne ya 19 nguzo zinazoubeba zilipasuka, na rai iliyokuwa mezani ni kuubomoa. Mhandisi wa reli, Eugène Flachat, akaukingia kwa magogo, mnara ukiwa umening'inia juu, kisha nguzo za chini zikajengwa upya. Ukisimama katikati ya msalaba wa kanisa, jengo zima limekaa juu ya kazi hiyo.

Ila kuna habari ya kupunguza hamu. Kitambaa maarufu cha Bayeux, kile kitani cha karibu mita 70 kilichodariziwa kwa nyuzi za sufu kusimulia vita vya mwaka 1066, hakionekani mjini kwa sasa. Makumbusho yake yalifungwa tarehe 1 Septemba 2025 kwa ujenzi, na kufunguliwa kumepangwa Oktoba 2027. Katikati ya muda huo kitambaa kimepangiwa kuazimwa British Museum, London, kuanzia Septemba 2026 hadi Julai 2027. Kama kitambaa ndicho kilichokuwa kinakuvuta, basi Bayeux isubiri. Kama ni kanisa na mji usio na fujo, nenda tu, ila si wiki ya tarehe 6 Juni: kumbukumbu za vita hujaza kila kitanda.

Kwa haraka, ubavu kwa ubavu

| Mahali | Bila gari, kutoka Paris | Kiingilio | Ngazi | Muda |
|---|---|---|---|---|
| Rouen | treni, kama saa 1 na nusu | makanisa ni bure | chache | siku nzima |
| Bayeux | treni, saa 2 na robo au zaidi | bure | chache, isipokuwa kripta | nusu siku |
| Mont-Saint-Michel | treni hadi Rennes, kisha basi | abasia inalipiwa | kama 350 | usiku mmoja |
| Honfleur | treni hadi Deauville au Le Havre, kisha basi | bure | karibu hakuna | saa 3 |
| Le Havre | treni, saa 2 na kidogo | bure | karibu hakuna | saa 1 kwa kanisa |
| Lisieux | treni, karibu saa 2 | bure | mlima na ngazi | nusu siku |
| Varengeville | treni hadi Dieppe, kisha km 8 hivi | bure | karibu hakuna | saa 1 na nusu |

Mont-Saint-Michel: tatizo ni saa, si mahali

Hakuna anayepaswa kukuambia hapafai. Panafaa sana. Kinachoharibika ni mpangilio.

Kutoka Paris unapanda treni ya kasi stesheni ya Montparnasse hadi Rennes, kisha basi la zaidi ya saa moja. Kwa gari ni kama kilomita 360. Ukifika, hujafika: maegesho yako kilomita mbili na nusu kutoka kwenye mwamba, na kutoka hapo kuna basi la bure linalovuka daraja, au mwendo wa miguu wa dakika arobaini na kitu. Basi nalo linakushusha mita mia kadhaa kabla ya lango. Ndipo unaanza ngazi, kama 350 hadi kwenye abasia. Sanduku la magurudumu ni mateso matupu. Mtoto abebwe mgongoni. Khanga au mbeleko inashinda kigari cha aina yoyote.

Kosa la pili ni njia ya kupandia. Umati wote unabanana kwenye Grande Rue, kichochoro cha maduka ya zawadi, kwa sababu ndicho kilicho mbele ya macho. Ukiingia lango la ndani, tafuta ngazi za kupanda kwenye kuta za ngome. Unapanda polepole, bahari iko mkono wa kulia, na unatokea karibu na mlango wa abasia ukiwa na pumzi.

Sasa maji. Msomaji wa Lamu, Pangani au Unguja hahitaji kufundishwa kupwa na kujaa, ila abadilishe vipimo kichwani. Bamvua la pwani yetu hupandisha maji kama mita nne. Ghuba hii hupandisha karibu mita 14, na maji yakipwa huenda zaidi ya kilomita kumi kutoka kwenye mwamba. Wafaransa huyapima kwa namba kuanzia 20 hadi 120. Siku za maji mafu, yaani namba ikiwa 40 au 50, utaona mchanga tu saa zote, na wengi huondoka wakilalamika kuwa kisiwa si kisiwa. Ili ghuba ijae vizuri namba inatakiwa ipite 90. Ili mwamba uzungukwe kabisa, hata mwisho wa daraja ufunikwe kwa muda mfupi, ipite 110, na siku hizo ni chache kwa mwaka, hasa karibu na Machi na Septemba, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Jedwali la maji linatolewa mapema: lisome kabla ya kukata tiketi ya treni, si baada. Na fika saa mbili kabla ya maji kujaa, kwa sababu kinachopendeza ni kuyaona yakija.

Usishuke mchangani peke yako kwenda mbali. Kuna mito mitatu inayohamahama ndani ya ghuba, Couesnon, Sélune na Sée, na kuna mchanga unaomeza mguu hadi gotini halafu hauachii. Njia salama ni kuvuka na kiongozi mwenye kibali, miguu peku, kutoka Bec d'Andaine upande wa Genêts. Ni kilomita sita au saba, kama saa mbili za kwenda. Kwa mwenye magoti mazima, huu ndio mlango halisi wa mahali hapa. Mahujaji waliingia hivyo kwa karne nyingi.

Kuhusu jengo lenyewe, jambo moja likikaa kichwani mengine yote yanaeleweka: kilele cha mwamba ni kidogo kuliko kanisa. Mapokeo yanasema Askofu Aubert wa Avranches alianzisha kanisa la kwanza mwaka 708. Watawa Wabenediktini wakaja mwaka 966. Na mwaka 1023 ukaanza ujenzi wa kanisa la abasia, sakafu yake ikiwa kama mita 80 juu ya bahari. Makutano ya msalaba yamekaa juu ya ncha ya mwamba, lakini mikono yote ya kanisa iko hewani, ikibebwa na kripta zilizojengwa kwenye miteremko. Ubebaji huo haukufaulu kila mara. Ukuta wa kaskazini uliporomoka mwaka 1103. Sehemu ya altare ilianguka mwaka 1421. Waliojenga upya, kuanzia 1446 hadi 1521, walikuwa wameshajifunza: walianza chini, kwenye kripta ya nguzo nene, ambazo kila moja ina mzingo wa karibu mita tano. Shuka uziguse. Kisha panda uone altare ilivyo nyepesi na yenye mwanga, nawe ukijua kinachoibeba.

Upande wa kaskazini ni ile sehemu inayoitwa La Merveille, yaani Maajabu, iliyosimamishwa kati ya 1211 na 1228. Ina ghorofa tatu, na uzito umepangwa kwa akili: chini ghala na chumba cha sadaka kwa maskini, kuta nene, katikati kumbi za wageni na za waandishi, juu kabisa bwalo la kulia na ua wa watawa wenye nguzo nyembamba kama vijiti. Kuna pia gurudumu kubwa la mbao ambalo wafungwa walitembea ndani yake ili kuvuta mizigo juu, kwa maana abasia iligeuzwa gereza na kubaki hivyo hadi mwaka 1863.

Kwa nini kulala? Kati ya asubuhi ya saa tano na alasiri ya saa kumi mabasi ya watalii yanashusha na kupakia. Ukilala kwenye mwamba au ng'ambo karibu na maegesho, unapata jioni na alfajiri, na mawe yanarudi kuwa ya watawa. Chini ya miaka 18 hawalipi abasia. Tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba abasia hufungwa.

Honfleur na Le Havre: mbao na zege

Kanisa la Sainte-Catherine la Honfleur linasomeka vizuri zaidi kwa Kiswahili cha majahazi kuliko kwa lugha ya wasanifu majengo. Nusu ya pili ya karne ya 15, Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza vimekwisha, mji umechoka na mawe ni ya ngome. Kilichokuwapo ni msitu jirani na mafundi wa vyombo vya bahari. Basi wakajenga wanachokijua. Ingia, inua kichwa: paa ni jahazi lililopinduliwa, mataruma, yaani mbavu zake, yako wazi yote, na mkuku, uti wa chini wa chombo, uko juu. Baadaye watu wakaongezeka na kanisa halikutosha. Mafundi hawakulibomoa wala kulirefusha. Walijenga jahazi la pili ubavuni mwa la kwanza, mwaka 1496, wakaondoa ukuta wa kati. Ndiyo maana leo unasimama kati ya majahazi mawili sambamba, na ndilo kanisa kubwa zaidi la mbao Ufaransa.

Inama uangalie miguu ya nguzo. Magogo ya mwaloni hayakulingana urefu, kwa hiyo vipande vya mawe vilivyowekwa chini yake vinatofautiana kimo. Hakuna aliyeficha. Gusa pia nguzo yenyewe: alama za shoka bado zinahisika.

Mnara wa kengele uko ng'ambo ya uwanja, peke yake, umekaa juu ya nyumba ya mpiga kengele na kukingiwa kwa miimo ya mshazari pande zote, kama chombo kilichopandishwa ufukoni kwa matengenezo. Sababu ni mbili. Kengele zinapopigwa hutikisa, na kanisa la mbao lisingestahimili uzito na mtikiso huo miaka mingi. Tena mnara ndio unaoita radi. Ukiungua, uungue wenyewe.

Ukiwa na nusu saa ya ziada panda mlimani hadi kikanisa cha Notre-Dame-de-Grâce, cha mwanzoni mwa karne ya 17, chenye mifano ya meli iliyotundikwa na mabaharia waliorudi salama.

Halafu vuka Pont de Normandie, daraja la mwaka 1995 lenye nafasi ya mita 856 kati ya nguzo zake kuu. Gari linalipia, mtembea kwa miguu na mwenye baiskeli hawalipi. Kama kilomita 25 mbele ni Le Havre.

Mji huu uliteketezwa kwa mabomu tarehe 5 na 6 Septemba 1944. Msanifu Auguste Perret akapewa kuujenga upya kwa zege, na kitovu hicho kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005. Kanisa la Saint-Joseph, lililojengwa kati ya 1951 na 1957, ni kumbukumbu ya waliokufa. Kwa nje mtu hudhani ni bomba la moshi au mnara wa taa: pembe nane, mita 107, zege tupu. Wengi hupiga picha kutoka ndani ya gari wakaondoka.

Ingia. Mnara ni mtupu ndani, kuanzia sakafuni hadi juu, umebebwa na makundi manne ya nguzo nne nne, na altare iko chini yake katikati. Kuta zimetobolewa na kuwekwa vipande 12,768 vya vioo vya rangi, kazi ya Marguerite Huré, ambaye alipanga rangi kufuata pande za dunia: za baridi upande wa kaskazini, za moto upande jua linapotua. Matokeo yake ni kwamba kanisa la saa nne asubuhi si kanisa la saa kumi na moja jioni. Siku ya mawingu mazito halina la kusema. Liache mpaka kesho yake. Siku ya jua, keti tu. Dakika ishirini zinatosha kuona doa la rangi ya chungwa likitembea juu ya zege.

Kati ya mawili haya, mwenye watoto aanze Honfleur: kuna bandari, kuna boti, kuna la kushika. Mwenye kupenda ujenzi aanze Le Havre. Anayetegemea treni alale Le Havre na kwenda Honfleur kwa basi, kwa sababu Honfleur haina treni na vyumba vyake vya wikiendi ni ghali.

Yaliyobaki, kwa kifupi

Caen ni nusu siku kati ya treni na treni. William na mkewe Matilda walioana ingawa Papa alikataza kwa sababu ya undugu wao, na abasia mbili walizojenga, ya wanaume na ya wanawake, ni sehemu ya kupatana na Kanisa. Ziko ncha mbili za mji, ngome ya William ikiwa katikati. Ukiwa na muda wa moja, chagua ya wanaume, Saint-Étienne. Kaburi la Mshindi liko mbele ya altare, ila usitarajie mengi: lilivunjwa mwaka 1562 katika vita vya dini, na kilichobaki chini ya jiwe ni mfupa mmoja wa paja.

Lisieux ni kwa anayehiji. Basilika ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, iliyowekwa wakfu mwaka 1954, haina uzee wa kulinganishwa na haya mengine, na wasanifu wengine huikunjia uso. Lakini Tereza ni msimamizi wa misheni, jina lake linajaza vigango vyetu tangu Tabora hadi Bukavu, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zilizoko Ulaya hapa ndipo safari inapoanzia. Usiishie kwenye basilika juu mlimani; kikanisa cha watawa Wakarmeli, yaliko masalia yake, kiko chini mjini.

Fécamp au Jumièges? Swali ni kama unataka paa. Abasia ya Utatu ya Fécamp iko pwani, nzima, yenye urefu wa mita 127, na haina foleni. Jumièges iko bara kwenye kona ya Seine, haina paa, na ni tamu zaidi: minara miwili ya mita 46 imesimama juu ya nyasi. Haikubomolewa na vita. Iliuzwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mnunuzi akaifanya machimbo ya mawe. Bila gari, isahau.

Étretat na Varengeville-sur-Mer ni miji ya majabali meupe ya chokaa. Étretat wanakwenda wote, na kikanisa chake cha juu ya jabali kilijengwa upya baada ya Wajerumani kukibomoa katika vita. Unachoenda kuona kwa kweli ni tao la jabali na mwamba uliochongoka baharini. Kokoto za ufukweni usiokote, kuna faini. Varengeville ina kanisa dogo la Saint-Valery ukingoni mwa jabali, makaburi yakitazama bahari, na ndani kioo cha buluu cha mti wa Yese, yaani mti wa ukoo wa Yesu, kilichobuniwa na mchoraji Georges Braque, ambaye amezikwa hapohapo nje. Jabali linaliwa, na mla si mawimbi peke yake: juu ya chokaa kuna tabaka la mchanga na udongo, mvua inapenya humo na kuusukuma kwenda chini. Baki ndani ya uzio. Kama ni moja tu, chagua Varengeville, hasa ukishuka Dieppe kutoka kwenye feri ya Newhaven.

Mambo yanayokamata watu

Barabara ya A13 kutoka Paris haina tena vibanda vya kulipia. Kamera inasoma namba ya gari, nawe una saa 72 za kulipa mtandaoni au kwenye duka la sigara lililosajiliwa. Wenye magari ya kukodi husahau, faini inakuja nyumbani pamoja na ada ya kampuni ya magari.

Jikoni za migahawa mingi hupika kati ya saa sita na saa nane mchana. Ukitoka kanisani saa nane na nusu, utakula mkate.

Misa ikiendelea, watalii hawazunguki. Ukitaka kusali, Jumapili ni siku nzuri. Ukitaka kutazama vioo, epuka asubuhi yake.

Anayeishi Uingereza na kuvuka kwa feri kwenda Ouistreham karibu na Caen, Le Havre au Dieppe akumbuke kuwa kibali chake cha ukaazi wa Uingereza hakimruhusu kuingia Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo anahitaji viza ya Schengen, na bandarini atadaiwa kabla ya kupanda.

Ratiba tatu

Siku moja, treni: Rouen, ukirudi Paris baada ya jua la alasiri.

Siku mbili, treni: siku ya kwanza Rouen, ulale Caen, siku ya pili Bayeux asubuhi kwa treni ya dakika ishirini hivi, urudi Caen mchana kwa Saint-Étienne, kisha Paris. Mwenye nia ya Lisieux ashukie hapo njiani, aache Bayeux.

Siku tatu, gari: Honfleur asubuhi na Le Havre alasiri, ulale upande wowote wa daraja. Siku ya pili Caen na Bayeux, kisha kilomita kama 120 hadi ng'ambo ya Mont-Saint-Michel, ufike mabasi yanapoondoka. Alfajiri ya siku ya tatu panda kwa njia ya ukuta. Na kabla ya kuchagua tarehe za safari nzima, angalia namba ya maji ya siku hiyo ya tatu. Zile nyingine mbili zipange kurudi nyuma kutoka hapo.